Mtoki si ugonjwa: Jinsi damu na limfu zinavyosaidiana mwilini

Na DAKTARI WETU, Kitengela

Hivi majuzi fundi mmoja wa mjengo aliingia katika kliniki yangu hapa Kitengela akichechemea. Siku nne kabla ya hapo alikuwa amekanyaga msumari katika nyumba waliyokuwa wakijenga karibu na barabara ya Namanga. Aliung'oa mwenyewe, akamwagia jeraha mafuta ya taa, akarudi kazini. Lakini hakuja kwangu kwa sababu ya mguu.

"Daktari, nimeota mtoki," aliniambia huku ameshika kinena. "Mwenzangu alitaka kuupasua kwa wembe ili usaha utoke, nikaogopa. Nipasulie wewe."

Nilimwomba avue kiatu kwanza. Kwenye unyayo palikuwa na kidonda kidogo kilichojifunga juu lakini ndani kimejaa usaha. Nilipopitisha kidole taratibu upande wa ndani wa mguu, kutoka kifundoni kuelekea juu, nilihisi mstari wenye joto uliomfanya aruke kwa maumivu. Mstari huo ulikuwa umepanda hadi juu ya goti.

Msomaji mpendwa, mtoki ambao fundi huyu alitaka upasuliwe haukuwa adui yake. Ulikuwa kama askari aliyesimama mlangoni, akizuia viini vilivyoingia kwa msumari visipenye hadi kwenye damu. Kumpasua askari huyo kwa wembe ni kumsaidia mwizi.

Damu kila mtu anaijua, kwa sababu mtu akijikata huiona. Lakini ndani ya mwili kuna maji mengine yanayotembea kimya kimya, ambayo wengi wetu hatujawahi kuyaona wala kuyafikiria. Maji hayo huitwa limfu. Mtu akielewa jinsi damu na limfu zinavyofanya kazi pamoja, ataelewa kwa nini mtoki huota, kwa nini mguu huvimba, kwa nini aliyeumwa na nyoka haruhusiwi kutembea, na ni wakati gani uvimbe mdogo shingoni unastahili kumpeleka hospitalini bila kuchelewa.

DAMU: SAFARI YA DAKIKA MOJA

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Damu hiyo ikiwekwa katika chupa ya maabara isiyoiruhusu kugandana na kuachwa itulie, hujigawa sehemu mbili. Chini hukaa chembechembe nyekundu, ambazo ni karibu asilimia 45 ya damu yote. Juu hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu yaitwayo plazima. Katikati huonekana utando mwembamba mweupe. Huo ni wa chembechembe nyeupe, ambazo ni walinzi wa mwili, pamoja na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda.

Chembechembe nyekundu hubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni. Kila moja huishi kwa muda wa siku 120 hivi kisha huharibiwa, na nyingine mpya hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Plazima hubeba sukari, chumvi, protini, homoni na takataka zinazopelekwa kwenye ini na figo.

Kinachoisukuma damu ni moyo. Mtu akiwa amepumzika, moyo husukuma karibu lita 5 kila dakika. Maana yake ni kwamba kiasi sawa na damu yote uliyo nayo hupita moyoni katika muda wa dakika moja. Damu hutoka moyoni kwa mishipa mikubwa, ikaingia katika mishipa midogo, na mwishowe katika mishipa myembamba kuliko unywele iitwayo kapilari. Kutoka hapo hukusanyika tena na kurudi moyoni. Safari ya damu ni ya mduara, na tabibu Mwingereza William Harvey ndiye aliyeieleza kwa ushahidi katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1628.

LIMFU HUTOKA WAPI?

Kapilari si kama mabomba ya plastiki. Kuta zake ni nyembamba mno na zina mianya midogo midogo. Hivyo ndivyo inavyotakikana, kwa maana seli za mwili haziogelei ndani ya damu. Lazima maji yenye chakula yavuje kutoka kwa kapilari na kuzifikia mahali zilipo. Chembechembe nyekundu hubaki ndani, lakini maji, chumvi, sukari na kiasi fulani cha protini hutoka nje.

Sasa fikiria mtaa wetu wa Kitengela. Maji huletwa nyumbani kwa bomba, yakisukumwa na pampu. Ukishayatumia, lazima yapate njia ya kutoka. Ardhi yetu ni ule udongo mweusi unaonata, na kila mkazi anajua yanayotokea mvua inaponyesha na mitaro imeziba: maji husimama mlangoni siku nyingi. Mwili nao unahitaji mtaro. Mtaro huo ni mishipa ya limfu.

Mishipa hii huanzia katikati ya seli, ikiwa imefungwa upande mmoja kama kidole cha glavu. Maji yaliyovuja kutoka kwenye damu huingia humo, na yakishaingia ndiyo tunayaita limfu. Mishipa midogo huungana kuwa mikubwa, hadi ile ya miguu, tumbo na upande wa kushoto wa mwili inapokutana katika mfereji mmoja wenye urefu wa sentimita 40 hivi unaopanda ndani ya kifua. Mfereji huo humwaga limfu katika mshipa mkubwa wa damu nyuma ya mtulinga wa kushoto. Limfu ya mkono wa kulia, na ya upande wa kulia wa kichwa na kifua, humwagwa upande wa kulia. Hapo maji yaliyotoka kwenye damu huwa yamerudi kwenye damu.

Kwa hiyo damu na limfu si maji mawili tofauti. Ni maji yale yale, yakiwa katika njia mbili.

Kiasi kinachorudi kwa njia hii ni lita 3 au zaidi kwa siku. Zamani tulifundishwa kwamba sehemu kubwa ya maji yanayovuja hurudi moja kwa moja ndani ya kapilari, na limfu huchukua mabaki tu. Utafiti wa miaka ya karibuni umetuonyesha kwamba kazi ya limfu ni kubwa kuliko tulivyodhani. Isitoshe, protini zilizovuja haziwezi kurudi kwenye damu kwa njia nyingine. Kama limfu ingeacha kurudi kabisa, plazima ingepungua na mtu angeaga dunia katika muda wa siku moja hivi.

TOFAUTI ZAO

Hebu tuzilinganishe moja baada ya nyingine.

Rangi: Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembechembe nyekundu. Limfu kwa kawaida haina chembechembe hizo, kwa hiyo ni maji maangavu yenye umanjano kidogo.

Pampu: Damu ina moyo. Limfu haina moyo wake. Husukumwa na mikazo midogo ya kuta za mishipa yake, na misuli ya mwili unapotembea, na kifua unapovuta pumzi. Ndani ya mishipa hiyo kuna vali, yaani milango midogo inayofunguka upande mmoja tu ili limfu isirudi nyuma.

Mwendo: Limfu huenda polepole sana. Kiasi ambacho limfu hurudisha kwa siku nzima, moyo hukisukuma kwa muda usiozidi dakika moja.

Njia: Damu huzunguka. Limfu husafiri upande mmoja tu, kutoka pembeni mwa mwili kuelekea moyoni.

Kuganda: Zote mbili zaweza kuganda, lakini limfu huganda polepole kwa kuwa haina chembe sahani.

Ukaguzi: Damu hukaguliwa na kiungo kiitwacho wengu, kilicho chini ya mbavu za kushoto. Ndiyo sababu mtoto aliyeugua malaria mara nyingi wengu wake huvimba. Limfu hukaguliwa na matezi.

MATEZI: VITUO VYA UKAGUZI

Mwilini mna matezi ya limfu yapatayo 600. Mengi ni madogo kama dengu au haragwe. Yamejipanga kwenye njia za limfu: shingoni, chini ya taya, kwapani, kinenani, kifuani na tumboni. Limfu haifiki kwenye damu kabla ya kupita katika tezi moja au zaidi.

Humo ndani wamejaa walinzi waitwao limfositi, ambao ni aina ya chembechembe nyeupe. Hapa ndipo ushirikiano wa damu na limfu unapoonekana wazi. Limfositi husafiri kwa damu hadi kwenye tezi, hukaa humo saa kadhaa wakichungulia kila kinacholetwa na limfu, kisha hutoka kwa njia ya limfu na kurudi kwenye damu ili waende kukagua tezi jingine. Wakikuta kiini wanachokitambua, hukaa na kuzaana kwa wingi. Tezi hujaa na kunyoosha ngozi yake, nawe huhisi maumivu. Huo ndio mtoki.

Kwa hiyo mahali tezi lilipovimba huonyesha mahali pa kutafuta ugonjwa. Mtoki wa kinenani humfanya daktari aangalie mguu, vidole, makalio na sehemu za siri. Tezi la kwapani humpeleka kwenye mkono na titi. La chini ya taya humpeleka kwenye meno na koo. Mtoto aliyechomwa na mwiba wa mgunga, au mwenye funza, hupata mtoki bila nyonga yenyewe kuwa na kasoro yoyote.

Anayefanya kazi katika kichinjio amewahi kuona jambo hili hata kama hakuambiwa sababu yake. Kabla ya kupiga muhuri, mkaguzi wa nyama huchukua kisu na kupasua matezi ya kichwa, ya mapafu na ya matumbo. Anajua kwamba kama ng'ombe yule alikuwa na kifua kikuu, alama zake huenda zikawa ndani ya tezi ingawa nyama yenyewe inavutia macho.

WAFUGAJI WANALIJUA HILI

Kwa hakika, wafugaji wa Kajiado waliujua ushirikiano wa damu na limfu kabla ya wengi wetu kusoma vitabu. Waulize wazee wa Kimaasai habari za oltikana, ugonjwa ambao wenzetu wa Tanzania huuita ndigana kali. Watakueleza kwamba hujulikana kwa tezi la chini ya sikio.

Ugonjwa huu huletwa na kupe wa kahawia anayependa kung'ang'ania masikioni mwa ng'ombe. Kupe huingiza mwilini kiini kidogo kiitwacho Theileria parva. Kiini hicho huwavamia walinzi wenyewe, limfositi, na kuwalazimisha wazaane pamoja nacho. Tezi lililo karibu na sikio ndilo huvimba kwanza, kisha mengine hufuata. Baadaye kiini hutoka kwa limfositi na kuingia katika chembechembe nyekundu za damu, ambamo humngoja kupe mwingine aje kunyonya. Ng'ombe asiyetibiwa mapema mara nyingi hufa mapafu yakiwa yamejaa maji, povu likimtoka puani.

Ugonjwa huu hauwashiki binadamu. Nimeutaja kwa sababu unaonyesha jinsi kiini kimoja kinavyoweza kuanzia katika limfu na kumalizia katika damu. Chanjo yake ilitokana na kazi ya wanasayansi wa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970.

Kuna jambo jingine la kujifunza hapa. Wapo wafugaji ambao wakiona tezi la ng'ombe limevimba hulichoma kwa chuma cha moto. Tezi hupata kovu, lakini kiini huendelea na kazi yake. Ni sawa na wembe wa yule fundi.

MAFUTA YA CHAKULA HUPITA WAPI?

Limfu ina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Unapokula wali au ugali, sukari inayotokana nao huingia kwenye damu na kupelekwa kwenye ini. Lakini mafuta ya nyama choma, samli au maziwa hayaendi njia hiyo. Sehemu kubwa yake huingia katika mishipa ya limfu ya utumbo mwembamba, hupanda kwa ule mfereji wa kifua na kuingia kwenye damu karibu na shingo.

Mwaka wa 1622 daktari Mwitaliano Gaspare Aselli alipasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona nyuzi nyeupe zimetanda kwenye utando wa matumbo. Alidhani ni mishipa ya fahamu. Alipokata mmoja, ulitoa maji meupe kama maziwa. Alikuwa ameona limfu iliyojaa mafuta.

MTARO UNAPOZIBA

Njia ya limfu ikiziba, maji yanayovuja kutoka kwa damu hayana pa kwenda na kiungo huvimba. Baadhi ya akina mama waliotolewa matezi ya kwapani wakati wa upasuaji wa saratani ya titi hupata uvimbe wa mkono kwa sababu hii. Mkono huo huhitaji kutunzwa usipate hata mkwaruzo, kwani ulinzi wake umepungua.

Mfano mwingine ni matende, ugonjwa unaopatikana katika pwani yetu, kama vile Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu. Huletwa na minyoo myembamba kama uzi inayosambazwa na mbu. Minyoo wazima hukaa ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu, hadi mguu unenepe na ngozi ikakamae. Lakini watoto wao huogelea katika damu, tena hasa usiku, wakati mbu anapouma. Ndiyo maana wahudumu wa afya walikuwa wakienda vijijini usiku wa manane kupima damu.

Tafadhali usidhani kila mguu uliovimba ni wa limfu. Moyo dhaifu, figo mbovu, ini lililoharibika, na damu iliyoganda ndani ya mshipa wa mguu huleta uvimbe pia. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

NYOKA NA MWENDO WA LIMFU

Katika mbuga za Kajiado, na hata kwenye viwanja vya Kitengela vilivyoachwa vikaota nyasi, kuumwa na nyoka si hadithi. Sumu ya nyoka imejaa protini. Zile kubwa hazipenyi kapilari kwa urahisi, kwa hiyo huingia kwanza katika limfu. Tumekwisha kusema kwamba limfu husukumwa na misuli. Anayekimbia baada ya kuumwa anaisukuma sumu kwa miguu yake mwenyewe.

Mtu akiumwa, mtulize na umlaze. Vua pete, bangili na shanga kabla mkono au mguu haujavimba. Funga ubao au fimbo kando ya kiungo ili kisitikisike, kama unavyofunga mfupa uliovunjika. Usifunge kamba kwa nguvu, usichanje, usinyonye jeraha. Abebwe, hata bodaboda ni afadhali kuliko kutembea. Mmoja wenu apige simu mapema ili mjue ni hospitali gani iliyo na dawa ya sumu. Sumu ya nyoka wengine, kama vile koboko, hufika kwenye damu upesi sana, kwa hiyo kumtuliza mgonjwa si kibali cha kungoja nyumbani.

KOSA NILILOLIFANYA

Sasa nitasimulia kisa kisichonipa sifa. Miaka michache iliyopita nilimtibu msichana anayeuza nguo sokoni. Alikuwa na matezi mawili upande wa kulia wa shingo. Hayakumuuma. Hakuwa akikohoa. Nilimwangalia koo, nikampa antibiotiki za wiki moja. Alirudi, akasema yamepungua kidogo, nikamwongezea nyingine. Kliniki ilikuwa imejaa watu na sikumuuliza mengi.

Mara ya tatu alikuja na mama yake kutoka Kajiado. Matezi yalikuwa yameshikamana na msichana amekonda. Mama alinitazama akaniambia, "Daktari, hili tezi lina miezi mitatu. Ng'ombe wetu akivimba tezi hatumngojei miezi mitatu."

Sikuwa na la kujibu. Tulichoma sindano nyembamba kwenye tezi, tukavuta maji kidogo na kuyapeleka maabara. Ulikuwa kifua kikuu cha matezi. Naam, kifua kikuu bila kikohozi. Viini huanzia mara nyingi mapafuni, kisha husafiri kwa limfu na kutulia katika matezi ya shingo. Kuna aina nyingine inayotokana na maziwa ya ng'ombe mgonjwa yasiyochemshwa, na mama alikiri kwamba kwao maziwa hunywewa vivi hivi. Siwezi kusema kwamba hayo ndiyo yaliyomletea bintiye ugonjwa, lakini tangu siku hiyo hakuna mzazi anayetoka kliniki yangu bila kukumbushwa kuchemsha maziwa.

Msichana alimeza dawa miezi 6, ambazo katika hospitali za umma hutolewa bila malipo, akapona. Lakini kungoja kwake kulitokana na mimi. Ndiyo sababu nasema wazi: antibiotiki za kununua dukani, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, zaweza kuficha ugonjwa mkubwa.

NI LINI UENDE HOSPITALINI?

Matezi mengi yaliyovimba hayana hatari. Mtoto akiwa na mafua au jino bovu, tezi dogo linaloteleza chini ya kidole ni jambo la kawaida, na hupungua lenyewe wiki mbili au tatu baadaye. Lakini mwone daktari iwapo:

1. Tezi limekaa zaidi ya wiki tatu, au linazidi kukua.

2. Ni gumu kama jiwe, au limeshikamana na nyama na halisogei.

3. Liko juu ya mtulinga. Hili lisingoje hata wiki moja, hasa la upande wa kushoto. Kumbuka kwamba hapo ndipo limfu ya tumbo inapofikia, na saratani ya tumbo huweza kujitokeza hapo kwanza.

4. Liko kwapani kwa mwanamke, hata kama titi halina maumivu.

5. Linaandamana na homa, jasho jingi la usiku, kukonda au kikohozi.

6. Matezi yamevimba sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Virusi vya HIV hujificha na kuzaana ndani ya matezi, kwa hiyo kipimo chake ni cha lazima. Katika limfositi zote za mwili, ni kama asilimia 2 tu zilizo ndani ya damu wakati wowote. Nyingine ziko kwenye matezi na viungo vingine. Damu tunayopima ni kama dirisha tu la nyumba kubwa.

7. Kuna mstari wenye joto na maumivu kutoka kwenye jeraha kuelekea kinenani au kwapani. Vitabu vya Ulaya huuita mstari mwekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu huo hauonekani vyema. Usiutafute kwa macho peke yake; uguse kwa kidole. Hiyo ni dalili kwamba viini vinasafiri ndani ya mishipa ya limfu kuelekea kwenye damu. Vikifika huko kwa wingi vyaweza kuua. Nenda siku hiyo hiyo.

Neno moja kuhusu chupa zinazouzwa vituoni na kandokando ya barabara kwa ahadi ya "kusafisha damu." Damu yako husafishwa na figo na ini, na kukaguliwa na wengu. Limfu husafishwa na matezi. Kazi hii hufanyika usiku na mchana bila malipo. Ukitaka kuisaidia, tembea kila siku, osha na ufunike kila jeraha, vaa viatu, acha sigara na uchemshe maziwa.

Na yule fundi? Sikuugusa mtoki wake. Nilifungua kidonda cha unyayo, nikakisafisha, nikamdunga sindano ya pepopunda na kumpa dawa ya kuua viini. Nilimwambia akae nyumbani, mguu ukiwa umeinuliwa, na arudi kesho yake niuone ule mstari. Aliporudi ulikuwa umeshuka chini ya goti. Baada ya siku kumi alikuja kuniaga.

"Daktari," alisema akicheka, "mtoki umekwenda wenyewe."

Ulikuwa umemaliza kazi yake.